TAREHE 1 JULAI: SIKU MOJA, HISTORIA NYINGI



Kamati ya jamii imeniomba niandike maneno machache ya historia kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho wa tarehe 1 Julai. Nimeipokea kazi hii kwa furaha, na pia kwa tahadhari, kwa sababu hapa kambini kila jamii inaivuta tarehe hii upande wake. Warundi wanasema ni sikukuu ya uhuru wao. Wanyarwanda wanasema vivyo hivyo. Wasomali wanasema ndiyo siku ya kuzaliwa kwa jamhuri yao. Ndugu zetu Wakongo wanatucheka, kwani wao huwa wamekwisha kusherehekea uhuru wao jana yake, tarehe 30 Juni. Tena wapo waliokulia katika nyumba ambamo siku hiyo haikupigwa ngoma hata moja, kwa kuwa bendera zilipopandishwa mwaka 1962 wazazi wao walikuwa tayari ukimbizini.

Kwa ajili hiyo wapo waliopendekeza kwamba tusiiadhimishe siku hii kabisa, ili tusigombane. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Tarehe haina kosa. Tukiisoma yote, mwaka baada ya mwaka, tutaona kwamba ina fundisho moja kwa watu kama sisi: nchi inapoihesabu siku yake kuu bila kuwahesabu watu wake walio nje, hesabu hiyo haifungiki. Baadaye italazimika kufanywa upya, na mara nyingi kwa gharama kubwa. Hii si siasa ya vyama, ambayo kanuni za kambi zinatukataza. Ni historia, na nitaieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

1890: Mlima ambao mahali pake hapakujulikana

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana maeneo. Huko Ulaya mkataba huo ulisifika kwa sababu ya Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita 2 za mraba, ambacho Uingereza ilikikabidhi Ujerumani. Kwa upande wake, Ujerumani iliachia madai yake ya Witu, karibu na Lamu, na ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza.

Kwetu sisi wa maziwa makuu jambo zito lilikuwa katika vifungu vya mipaka. Waliandika kwamba mstari utafuata digrii 1 kusini mwa ikweta, utakata Ziwa Viktoria, kisha utaendelea magharibi mpaka ukutane na nchi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yaani Dola Huru la Kongo. Sehemu ya mstari huo hadi leo ndiyo mpaka wa Uganda na Tanzania. Kwa mstari huo Rwanda na Burundi zikawekwa upande wa Ujerumani.

Kuna maneno katika mkataba huo ambayo kila mwalimu wa historia angependa wanafunzi wake wayajue. Walikuwa wamesikia habari za mlima uitwao Mfumbiro, lakini hawakuwa na hakika uko wapi. Basi wakaandika kwamba ikiwa mlima huo utaonekana kuwa kusini ya mstari, mstari upindwe ili mlima ubaki nje ya eneo la Wajerumani. Jina hilo ndilo Wazungu walilolitumia kwa milima ya volkano ambayo sisi tunaiita Virunga. Watu waligawana mlima kabla ya kujua uliposimama. Suala hilo lilikuja kumalizwa kwa makubaliano ya mwaka 1910 mjini Brussels kati ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, na ndiyo maana watu wa Bufumbira, wanaosema lugha moja na Wanyarwanda, ni raia wa Uganda.

Hakuna mwami wala mzee wa Afrika aliyetia sahihi mkataba wa 1890. Mjerumani von Götzen alifika mbele ya Mwami Rwabugiri wa Rwanda mwaka 1894, yaani miaka 4 baada ya nchi yake kuandikwa kuwa eneo la Ujerumani. Nchini Burundi, Mwami Mwezi Gisabo alipambana, na alilazimishwa kukubali utawala wa Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903, baada ya miaka 13. Kwa muda huo wote watu walilima, walioa na kuozesha, walichunga ng'ombe na kuvuka mito, wala hawakujua kwamba walikuwa wakivuka mipaka.

Sisi tuliovuka mpaka kwa miguu, usiku, watoto mgongoni, tunajua jinsi mstari wa karatasi unavyoweza kuwa jambo la kufa na kupona. Upande huu wa mto unaitwa raia, upande wa pili unaitwa mkimbizi. Tusisahau kwamba mistari hiyo ilichorwa na watu ambao hawakutujua, mahali ambapo hatukuwepo.

1960: Ghana na Somalia

Miaka 70 ikapita. Tarehe 1 Julai 1960 Ghana, iliyokuwa huru tangu 1957, ikawa jamhuri na Kwame Nkrumah akawa rais wake. Siku hiyo hiyo Somalia iliyokuwa chini ya usimamizi wa Italia ilipata uhuru, ikaungana na Somalia iliyokuwa ya Waingereza, ambayo ilikuwa imepata uhuru wake siku 5 tu kabla, tarehe 26 Juni. Mpaka mmoja wa wakoloni ukafutwa kwa hiari ya wenyeji, jambo ambalo si la kawaida katika bara letu. Muungano huo nao ulikutana na shida: baada ya vita na kuanguka kwa serikali ya Mogadishu, watu wa kaskazini walitangaza mwezi Mei 1991 kwamba wamejitenga. Majirani zetu Wasomali hapa kambini wataieleza habari hiyo vizuri kuliko mimi, nami naiacha mikononi mwao.

1962, Aljeria: Wakimbizi waliorudi kupiga kura

Sasa tufike mwaka 1962, maana tarehe 1 Julai ya mwaka huo ndiyo yenye mambo mengi zaidi.

Aljeria ilikuwa chini ya Ufaransa tangu 1830. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 1 Novemba 1954 na viliendelea zaidi ya miaka 7. Vijiji viliteketezwa, watu wakahamishwa kwa nguvu, na wengi wakakimbilia Tunisia na Moroko. Jeshi la Ufaransa lilijenga uzio wa waya wenye umeme na mabomu ya ardhini kwenye mpaka wa Tunisia ili kuwazuia wapiganaji. Hata hivyo wakimbizi karibu 200,000 walikuwa nje, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wale walikuwa miongoni mwa wakimbizi wa kwanza wa Afrika kuhudumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Kabla ya hapo shirika hilo lilishughulika hasa na wakimbizi wa Ulaya. Kwa hiyo hata wageni wetu wa mashirika wana asili ya kazi yao katika habari hii.

Tarehe 18 Machi 1962, katika mji wa Évian nchini Ufaransa, pande mbili zilifikia makubaliano. Ilikubaliwa kwamba vita visimame, na kwamba wananchi wapige kura kuamua kama Aljeria iwe huru. Na hapa ndipo nawaomba msome polepole. Makubaliano yale hayakusema kwamba kwanza nchi iwe huru, kisha mambo ya wakimbizi yatatazamwa baadaye. Yalisema kwamba walio nje wanaweza kurudi, na tume zikawekwa ili kusaidia warudi na waweze kushiriki. Kuanzia mwezi Mei hadi Julai 1962, watu takriban 180,000 walirudishwa kutoka Tunisia na Moroko kwa msaada wa UNHCR na mashirika mengine. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuvuka siku ya kura ilipofika.

Kura ilipigwa tarehe 1 Julai 1962. Waliosema ndiyo walikuwa karibu milioni 6, na waliosema hapana walikuwa takriban 16,500. Tarehe 3 Julai Ufaransa ikautambua uhuru wa Aljeria, na tarehe 5 Julai wananchi wakaujaza kila mtaa kwa shangwe.

Sitaki mtu afikiri kwamba naieleza hadithi ya peponi. Waliorudi walikuta vijiji vimebomoka na mashamba yamejaa mabomu. Mwaka huo huo wakazi wa asili ya Ulaya, karibu milioni moja, waliondoka kwenda Ufaransa, wengi wao wakiwa wamezaliwa Aljeria. Waaljeria waliokuwa askari wasaidizi wa jeshi la Ufaransa waliwindwa, na maelfu waliuawa. Kwa hao, uhuru ndio uliowafanya wakimbizi. Lakini kwa wale waliokuwa katika mahema ya Tunisia na Moroko, jambo moja lilifanyika sawasawa: waliitwa nyumbani kabla ya uamuzi, si baada yake. Walirudi wakiwa wananchi wenye sauti.

1962, Usumbura na Kigali: Bendera mbili

Siku hiyo hiyo ya kura ya Aljeria, tarehe 1 Julai 1962, Rwanda na Burundi zilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji. Nchi hizi mbili zilikuwa zimetawaliwa pamoja kwa jina la Ruanda-Urundi. Umoja wa Mataifa ulitamani zibaki kitu kimoja, lakini viongozi wa pande zote mbili hawakukubali. Tarehe 27 Juni 1962 Baraza Kuu liliamua kwamba udhamini ukome tarehe 1 Julai na ziwe nchi mbili. Burundi ilikuwa ufalme chini ya Mwami Mwambutsa, na waziri mkuu alikuwa André Muhirwa. Rwanda ilikuwa jamhuri chini ya Rais Grégoire Kayibanda.

Burundi iliipokea siku ile ikiwa na msiba. Mtoto wa mfalme, Louis Rwagasore, aliyekiongoza chama cha UPRONA hadi kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Aliyefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu hakuiona bendera ikipanda.

Rwanda nayo iliipokea siku ile ikiwa na pengo la namna nyingine. Tangu machafuko ya Novemba 1959, nyumba zilichomwa na watu wakafukuzwa, hasa Watutsi. Hadi uhuru ulipofika, zaidi ya 100,000 walikuwa wamekimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Mwami Kigeli wa Tano mwenyewe alikuwa nje ya nchi, na alifariki Marekani mwaka 2016 bila kurudi kuishi kwao. Majina ya makambi kama Nakivale na Oruchinga yalianza kuzoeleka midomoni mwa watu tangu enzi zile.

Hapa ndipo tofauti na Aljeria inapoonekana. Suala la wakimbizi wa Rwanda lilijulikana. Lilizungumzwa hata katika Umoja wa Mataifa kabla ya uhuru. Lakini tarehe ilipofika, bendera ilipanda, na suala likabaki nje ya mpaka pamoja na wenyewe.

Tukumbuke pia kwamba siku Burundi ilipokuwa nchi huru, ilikuwa tayari mwenyeji wa wakimbizi kutoka Rwanda. Haikupita miaka 10 kamili kabla raia wake wenyewe hawajaanza kubeba mikeka kichwani kutafuta nchi za jirani.

Yaliyofuata

Nitayapita kwa haraka, kwa sababu wengi wetu tumeyabeba miilini mwetu.

Mwezi Desemba 1963 kundi la wakimbizi wenye silaha liliingia Rwanda kutoka Burundi. Lilishindwa, na raia maelfu waliokuwa ndani ya nchi wakauawa kwa kulipiza kisasi, ilhali hawakuwa wamevuka mpaka wowote. Wakimbizi wakaongezeka. Mwaka 1986, miaka 24 baada ya uhuru, serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba nchi ni ndogo na imejaa, kwa hiyo haiwezi kuwapokea wote walio nje. Tarehe 1 Oktoba 1990 vita vikaanza kutoka Uganda, vikiongozwa na watoto wa wakimbizi wa 1959. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na katika mwaka huo huo karibu watu milioni 2 wakatoka Rwanda kwenda Zaire, Tanzania na Burundi.

Burundi, mwaka 1972, baada ya uasi wa mwezi Aprili, Wahutu wengi waliuawa, na walimu na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliowindwa kwanza. Wengi walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Wengine walikuja kutoka baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na wengine tena mwaka 2015. Baadhi ya wale wa 1972 waliporudi kwao baada ya vita walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Burundi iliunda tume ya ardhi mwaka 2006 kwa ajili ya kesi hizo, na familia nyingi ziligombana katika kilima kimoja. Wengine hawakurudi. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia takriban 162,000 kati yao na watoto wao.

Simtetei mtu yeyote aliyechukua silaha, wala sisemi kwamba ukimbizi peke yake ndio uliozaa maovu yote hayo. Maovu yalifanywa na watu waliochagua kuyafanya. Ninachosema ni kwamba swali la mwaka 1962, yaani walio nje watarudi lini na kwa haki gani, lilikuwa mezani, likaachwa. Watoto waliozaliwa katika mahema walilirithi swali hilo kama wengine wanavyorithi shamba.

Tunajifunza nini?

Mtu mmoja wa shirika, nilipomweleza mpango wa makala hii, aliniambia kwamba Aljeria ni mfano usiofaa kwetu. Alisema Waaljeria walikuwa wanapigana na mgeni, na vita vilipokwisha ilijulikana nani ameshinda. Sisi tumekimbia majirani zetu na ndugu zetu, na mara nyingi aliyetufukuza bado anaishi mlango wa pili. Maneno yake ni ya kweli, na nimeyatafakari. Kwetu kazi ni ngumu zaidi. Lakini ugumu huo unaongeza haja ya kuwauliza wakimbizi mapema. Pale ambapo adui ameondoka na meli yake, unaweza kurudi hata bila kuulizwa. Pale ambapo utaishi tena na mtu aliyechoma nyumba yako, au ambaye wewe ulichoma yake, huwezi kurudi salama kabla ya mambo kuzungumzwa.

Afrika yenyewe ililiona jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unasema kwamba mkimbizi asirudishwe kwa kulazimishwa, na kwamba nchi yake ikimpokea impe haki zote za raia, wala isimwadhibu kwa sababu alikimbia. Ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na ndiyo maana tarehe hiyo ikafanywa siku ya wakimbizi, kwanza ya Afrika na tangu 2001 ya dunia nzima. Hivyo katika siku kumi na moja, kuanzia 20 Juni hadi 1 Julai, kalenda yetu inatoka kwenye siku ya wakimbizi hadi kwenye siku ya uhuru. Inafaa tuzisome pamoja.

Lakini tutazame desturi ya mikutano ya kurudi nyumbani. Inaitwa mikutano ya pande tatu: nchi iliyotupokea, nchi tuliyotoka, na UNHCR. Mkimbizi hahesabiwi kuwa upande. Huletewa habari mwishoni, kwenye mkutano wa hadhara, kwa kipaza sauti, pamoja na tarehe ya lori na orodha ya vitu anavyoruhusiwa kubeba. Nawaomba wageni wetu wa mashirika wasinielewe vibaya. Tunajua mzigo mnaoubeba. Ombi letu ni kwamba kabla ya tarehe kupangwa, wawakilishi wa wakimbizi, wanawake wakiwemo, waulizwe juu ya mambo matatu: usalama wa mahali watu wanapotoka, ardhi yao, na shule za watoto wao.

Na sisi wenyewe tuna kazi ambayo haimsubiri mtu. Kila familia iandike katika daftari jina la kilima au kijiji chake, mipaka ya shamba lake, na majina ya majirani wanaopakana nalo. Wazee wakifa bila kuandikisha, watoto watabaki na neno "kwetu" tu mdomoni. Vyeti vya shule na vya ubatizo, karatasi za ardhi na vitambulisho vihifadhiwe mahali pakavu, visifanywe karatasi za kuwashia moto.

Kwa sherehe ya mwaka huu nina pendekezo. Kabla ya ngoma, wanafunzi wasimame mmoja mmoja, kila mmoja asome mwaka mmoja wa tarehe 1 Julai: 1890, 1960, na 1962 ya Aljeria, ya Rwanda na ya Burundi. Mtoto wa Kirundi asome habari ya Somalia, wa Kisomali asome ya Rwanda, wa Kinyarwanda asome ya Aljeria, na wa Kikongo asome ya Burundi. Mwisho tunyamaze dakika moja kwa ajili ya wale ambao siku hiyo iliwakuta nje, kisha ngoma zipigwe. Wanafunzi wa darasa la sita wamekwisha kuanza kujiandaa, na wazazi wanakaribishwa kuwasikiliza siku ya Ijumaa jioni, chini ya mti wa mikutano.

 Mwenye nyongeza au masahihisho, hasa ninyi wazee mlioyaona baadhi ya mambo haya kwa macho yenu, aniletee shuleni ili tuyaandike katika toleo lijalo.

Wenu katika kazi ya elimu,
Mwalimu wa historia, shule ya msingi ya kambi